Pijo, Datsun na V8: Historia ya Kupenda Magari ya Zamani Gatina

Vijana wengi wa Gatina wanaopenda magari ya zamani huanza kulijua gari kwa mikono, wakiwa bado hawajashika usukani. Gatina ni sehemu ya Kawangware, magharibi mwa Nairobi, na tangu uchaguzi wa 2013 ni wadi ya eneo bunge la Dagoretti Kaskazini. Upande mmoja iko Lavington, mtaa wa watu wenye uwezo; upande mwingine ziko nyumba za mabati, maghorofa mapya, na viwanja vya gereji visivyo na ukuta wala paa, ambamo Peugeot 504, yaani pijo, iliyotolewa injini husimama bega kwa bega na Toyota Probox iliyoletwa kubadilishiwa breki. Magari yanayopendwa ni Peugeot 404 na 504, Datsun 1200 na 160J, Toyota Corolla za miaka ya 1970 na 1980, Ford Escort, Volkswagen Beetle na Mercedes-Benz za milango mizito. Mustang, Camaro na Charger, yale magari ya Kimarekani ya injini ya V8 yanayotajwa sana duniani, vijana hao wanayajua kwa jina na hata kwa mwaka wa kutengenezwa, lakini kuyaona barabarani ni bahati. Kwa nini mapenzi yakaelekea kwa Peugeot na Datsun ni jambo lenye historia ndefu, na historia hiyo inaanza, ajabu, na magari ya Kimarekani.

Kati ya vita viwili vya dunia, barabara za Kenya zilikuwa udongo mwekundu unaogeuka tope wakati wa masika. Magari ya Uingereza ya enzi hiyo yalikuwa na injini ndogo, kwa sababu kodi ya kwao ilitozwa kwa kupima injini, na mengi yalikuwa chini mno kwa mashimo na mawe ya huku. Ford, Chevrolet, Buick na Hudson kutoka Marekani zilikuwa zimeinuka, zina nguvu, na zilitengenezwa kwa ajili ya wakulima wa nchi ambayo nayo ilikuwa na barabara mbovu. Desturi ikawa kununua sasi yenye injini na kumpa fundi wa Nairobi aijengee sanduku la mbao nyuma, la kubebea watu, mizigo, mbwa na bunduki. Hayo ndiyo magari yaliyoitwa boksibodi, na ndiyo yaliyobeba wawindaji na masetla kwa miaka mingi.

Waafrika wenye uwezo hawakubaki nyuma. Kinyanjui wa Gathirimu, chifu mkuu wa Wakikuyu aliyekuwa na makao yake Dagoretti hadi alipofariki mwaka 1929, alikuwa na gari lake mwenyewe. Karen Blixen, aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1937 jinsi chifu huyo alivyofika shambani kwake kwa gari alilolinunua kwa konseli wa Marekani. Jina la Kinyanjui leo linabebwa na chuo cha ufundi kilicho upande huohuo wa jiji, na ni haki yake: kati ya Waafrika wa Dagoretti, yeye ni miongoni mwa wa kwanza kuwa na gari, na watu walilikumbuka gari hilo pamoja na mwenyewe.

Ufundi nao ulifika kwa njia mbili. Ya kwanza ni Masingasinga, ambao wengi wao walikuja na ujenzi wa reli ulioanza 1896, wakabaki kuwa maseremala, wahunzi na baadaye mafundi wa magari. Katika gereji zao vijana wa Kiafrika waliingia kama vibarua wa kufagia na kushika taa, wakatoka wakiwa wanajua kufungua injini. Ya pili ni jeshi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, maelfu ya Waafrika Mashariki walifundishwa udereva na utengenezaji wa malori ili kuhudumia vikosi huko Abisinia, Madagaska na Burma. Vita vilipokwisha walirudi na ujuzi ambao serikali ya kikoloni haikuwa imepanga kuwapa kwa njia nyingine yoyote.

Kisha yakaja mashindano ambayo bila hayo habari yote hii isingekuwepo. Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yaliandaliwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari Rally, na tangu 1974 yakajulikana kama Safari Rally tu. Miaka ya mwanzo washindani waligawanywa kwa bei ya gari dukani, wala si kwa ukubwa wa injini, na magari yalitakiwa yawe yaleyale yanayouzwa kwa wananchi. Utaratibu huo mdogo ulikuwa na matokeo makubwa. Mtazamaji aliyesimama kando ya barabara aliona gari la mwalimu mkuu, la daktari wa wilaya au la mwenye duka likipita kwa kasi likiwa na namba ubavuni na tope hadi kwenye kioo. Likishinda, lilikuwa limethibitisha jambo ambalo kila mnunuzi alitaka kujua: kwamba litafika. Hakuna tangazo la biashara lililowahi kuwa na nguvu kama hiyo katika Afrika Mashariki.

Mwaka 1964 ni mwaka ambao kila mpenzi wa magari wa Kenya angefaa kuujua. Kampuni ya Ford ya Marekani ilileta Safari kikosi cha magari sita aina ya Mercury Comet, yenye injini za V8, pamoja na mafundi na vipuri vya kutosha kujenga gereji nzima. Mvua ilinyesha, barabara zikawa tope, na Comet zikaanguka moja baada ya nyingine. Mawili tu yalimaliza, na moja kati ya hayo liliendeshwa na Joginder Singh, Singasinga aliyezaliwa Kericho mwaka 1932. Mshindi alikuwa Peter Hughes kwa Ford Cortina GT, gari dogo la Uingereza. Wiki chache baadaye, mwezi wa Aprili, Ford hiyohiyo ilizindua Mustang huko New York, na Pontiac ilikuwa tayari imetoa GTO. Wamarekani wakaingia katika miaka yao ya injini kubwa, mafuta ya bei nafuu na barabara pana zilizonyooka. Nairobi ilikuwa imekwisha kuona kwa macho kwamba nguvu peke yake haivuki mto uliofurika.

Mwaka uliofuata ulikaza somo hilo. Joginder na ndugu yake Jaswant walishinda Safari ya 1965 kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Gari hilo lilikuwa limekwisha kushindana, na umbo lake la mgongo uliobinuka lilichorwa tangu siku za Vita Kuu ya Pili. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Aliijua Volvo yake kila nati, na ushindi wa gari lililotumika, mikononi mwa mtu aliyelitengeneza mwenyewe, ni habari ambayo katika gereji za Kawangware husimuliwa hadi leo na watu ambao hawakuwa wamezaliwa. Alishinda tena 1974 na 1976, mara zote mbili kwa Mitsubishi Lancer.

Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, mara mbili kati ya hizo ikiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania. Katika Safari za 1963 na 1968 ni magari saba tu yaliyomaliza kila mwaka. Peugeot 504 ikaja kushinda 1975, na ile ya milango miwili yenye injini ya V6 ikashinda 1978. Datsun ilichukua ushindi 1970, 1971 na 1973, kisha Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa akiishi Kenya, akashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 kwa Datsun za ukoo wa Violet, ambazo Wakenya waliziita na wanaziita 160J. Pamoja na ushindi wake wa 1973, Mehta ana mataji matano. Katika Safari za ubingwa wa dunia, hakuna aliyemfikia.

Safari ilifanyika wakati wa Pasaka, watoto wakiwa nyumbani. Redio ilitangaza nani yuko mbele, nani amezama, nani ameharibikiwa na difu. Watoto walitengeneza magari ya waya, wakayawekea magurudumu ya vifuniko na usukani mrefu wa kusukumia, kisha wakashindana vichochoroni huku wakijiita Joginder na Mehta. Baba na mjomba wa fundi kijana wa leo walikuwa miongoni mwa watoto hao. Mapenzi yaliyorithiwa Gatina yalipandwa hapo, na yalipandwa kwa sauti kabla ya picha, maana televisheni katika nyumba ya mabati ya miaka ya 1970 ilikuwa kitu adimu.

Wakati huohuo serikali ilitaka magari yaunganishwe nchini. Katika miaka ya 1970 vilianzishwa viwanda vitatu: Leyland huko Thika, General Motors Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers Mombasa. Kiwanda cha Mombasa kilikuja kuunganisha Peugeot 504. Kwa hiyo 504 ya Kenya, ingawa ilibuniwa Ufaransa na kuonyeshwa Paris mwaka 1968, mara nyingi ni gari lililofungwa nati na Mkenya. Ile ya mwili mrefu, yenye viti safu tatu, ndiyo iliyokuwa teksi ya masafa: Nairobi hadi Nakuru, Kisumu, Mombasa. Abiria walijaa, ikaondoka, ikafika kabla ya basi. Pikapu yake ilibeba maziwa, kabichi na maiti. Gari moja lilikuwa la waziri, la teksi na la mkulima, na ndiyo maana kumbukumbu yake imeenea kuliko ya gari lolote la kifahari.

Mapema miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, na magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japani, mengi yakipitia Dubai. Toyota yenye injini inayosimamiwa na kompyuta ilikuwa nafuu, ya kutegemewa na rahisi kupata spea. Ndani ya miaka michache Peugeot ikawa gari la wazee. Namba za usajili zilionyesha mpaka huo waziwazi. Magari yaliyosajiliwa kabla ya 1989 yalikuwa na vibao vyeusi vyenye herufi tatu na tarakimu tatu tu. Kuanzia mwaka huo zikaja namba za KAA zenye herufi ya nne mwishoni. Kibao cheusi kilichokuwa dalili ya ukongwe katika miaka ya 1990 sasa ni kitu cha kujivunia, na kijana atakayenunua Datsun iliyooza sakafu atahakikisha kwanza kwamba vibao vyake vya asili vipo.

Sheria nayo ilifunga mlango kwa upande wake. Kanuni ya shirika la viwango la Kenya, KS 1515 ya mwaka 2000, inataka gari linaloingizwa nchini lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na liwe la usukani wa kulia. Mustang ya 1967 ina usukani wa kushoto na imepita umri huo mara kadhaa. Kwa hiyo, isipokuwa kwa vibali maalumu vya watu wachache, gari la kale nchini Kenya ni lile lililokuja likiwa jipya na halikuondoka. Idadi yake haiongezeki. Sheria iliyotungwa kuzuia magari mabovu ndiyo iliyowaamulia vijana gari la kupenda, jambo ambalo watunga kanuni bila shaka hawakuwa nalo akilini.

Kuna sababu nyingine iliyoifanya Kawangware kuwa ghala la magari hayo, na hiyo ni ardhi. Dagoretti iliingizwa katika mipaka ya jiji wakati wa uhuru, ikiwa tayari ni mashamba ya familia za Wakikuyu. Wenye mashamba walijenga vyumba vya kupangisha, lakini wengi walibakiza uwanja wa nyumbani. Katika uwanja kama huo, nyuma ya vyumba na kando ya tangi la maji, 504 ya mzee inaweza kukaa juu ya mawe miaka ishirini bila kumsumbua mtu. Kibera, iliyoanza kama makazi ya askari Wanubi wa King's African Rifles, ni tofauti. Ardhi yake ni ya serikali, vichochoro vyake ni vya watu kupita kwa miguu, na hakuna mahali pa kuegesha gari lisilotembea. Kijana wa Kibera hulikuta gari la zamani gereji, au Ngong Road, au Jamhuri Park ambako pia kuna uwanja wa mbio za pikipiki. Kijana wa Gatina anaweza kulikuta kwa babu yake, kuku wakiwa wametagia kwenye kiti cha nyuma.

Gereji ya wazi ndiyo shule yenyewe. Wenye magari wa Lavington na Kilimani huteremka Kawangware kunyooshewa bodi na kupigiwa rangi kwa bei ambayo gereji za mjini hazitoi. Mafundi ni jua kali, sekta ambayo taarifa ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliitambua mwaka 1972 na serikali ikaanza kuitambua rasmi katika miaka ya 1980. Kijana huingia kwa kulipa ada kidogo au kwa kujitolea tu. Miezi ya kwanza anaosha vipuri kwa petroli, anatafuta spana namba 13 iliyopotea mchangani, anatumwa Kirinyaga Road, ambayo watu wengi wa Nairobi bado huiita Grogan, kuulizia bei ya rejeta. Baadaye anaweza kufanya mtihani wa mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, aanze na daraja la tatu. Wengi huanza kutegemewa mtaani kabla ya kupata cheti hicho.

Hapo gari la zamani hufanya kazi ambayo jipya haliwezi. Gari la kisasa likigoma, fundi huchomeka mashine ya kusoma hitilafu, akapata namba, akabadilisha kifaa kilichofungwa kisichofunguka. Datsun 1200 ikigoma, kijana hufungua kifuniko cha distributa na kuona kila kitu: kirungu kinachozunguka katikati, na vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke. Fundi humwonyesha mwanya unaotakiwa, karibu nusu milimita, akiupima kwa bapa jembamba la chuma, na likikosekana, kwa kipande cha karatasi ngumu. Anakaza skrubu, anarudisha kifuniko, kisha analegeza distributa na kuizungusha kidogo kwa mkono injini ikiunguruma. Ikizungushwa huku, injini inaharakisha na kugongagonga. Ikizungushwa kule, inakokota. Katikati pana mahali ambapo mngurumo unatulia na gari zima linaacha kutetemeka. Kijana anayepasikia mahali hapo kwa mara ya kwanza kwa sikio lake mwenyewe, na mkono wake ukiwa ndio ulioleta utulivu huo, hujua kwamba ameelewa kitu. Picha na maneno ya kusifu havina nguvu ya dakika hiyo.

Magari hayo yana matatizo ambayo ujuzi wa kawaida haujibu, na kuyatatua kumezaa heshima ya pekee kwa mafundi wazee. Petroli yenye risasi iliondolewa Kenya kufikia mwanzo wa 2006, kama ilivyokubaliwa katika azimio la Dakar la 2001. Ilikuwa hatua njema kwa ubongo wa watoto wa mjini. Lakini risasi ilikuwa pia ikilinda viti vya vali vya injini za kale, na bila hiyo viti vya chuma laini huliwa polepole hadi injini inapoteza nguvu. Dawa ni kuipeleka silinda hedi kwa mchongaji akaweke viti vya chuma kigumu. Bodi nayo huoza pale maji yanapotuama: chini ya mlango, kwenye sakafu, kuzunguka taa. Kwa kuwa madigadi mapya ya 504 ni shida kupata, hukatwa kutoka bati bapa, hupigwa kwa nyundo juu ya mfuko wa mchanga hadi yapate mviringo, kisha huchomelewa. Kazi hiyo ni sanaa, na inastahili kuandikwa kama sanaa nyingine yoyote ya Nairobi.

Kwa upande wa kusini wa Kawangware, ukishuka Naivasha Road hadi Dagoretti Corner na kufuata Ngong Road, uko uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, uliofunguliwa 1954. Hapo kila mwaka, kwa kawaida mwishoni mwa Septemba, hufanyika Africa Concours d'Elegance, maonyesho yaliyoanzishwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo mwaka 1970. Magari na pikipiki hupimwa na waamuzi: uvungu, injini, ndani, nje, rangi. Kwa miongo mingi ilikuwa sherehe ya kofia, glasi na familia za upande wa pili wa jiji. Lakini magari yanayong'aa pale hayakujisafisha. Uvungu uliopanguswa kwa mswaki wa meno, bampa iliyopakwa kromu upya, kiti kilichoshonwa upya kwa ngozi, mara nyingi ni kazi ya mikono iliyotoka mitaa kama Kawangware. Kijana aliyekwenda uwanjani kama msaidizi wa fundi, akiwa na kitambaa na ndoo, aliona kwa siku moja Rolls-Royce ya kabla ya vita, Ford ya miaka ya 1930, Chevrolet ya mapezi marefu na, akiwa na bahati, Mustang. Aliona pia kwamba 504 kama ya babu yake inaweza kusimama kwenye nyasi hizo bila aibu. Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko yote.

Mapenzi ya V8 za Kimarekani zenyewe yalikuja kwa skrini. Vibanda vya video vya Kawangware na Kibera, vyenye benchi za mbao na pazia zito mlangoni, vilionyesha sinema za kigeni kwa ada ndogo, nyingi zikisimuliwa kwa Kiswahili na Sheng na wasimulizi maarufu kama DJ Afro. Sinema ya kwanza ya mfululizo wa Fast and Furious ilitoka 2001 ikiwa na Dodge Charger ya 1970, na mwaka mmoja kabla yake Gone in 60 Seconds ilikuwa imeifanya Mustang ya 1967 kuwa nyota. Vibanda vya PlayStation vikafuata, ambako mtoto hulipa kwa dakika na kujifunza ni gari gani lina nguvu farasi ngapi. Nchini Kenya neno V8 limeshikwa na Land Cruiser za wakubwa, zinazosukuma wengine barabarani kwa ving'ora. Kwa vijana hawa V8 ilipata sura nyingine: gari la mtu mmoja, la kelele na la kujengwa na mwenyewe.

Daraja kati ya sinema na barabara za nyumbani lilijengwa na mashindano. Safari Rally ilitolewa kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, na pengo hilo likajazwa kwa namna yake na East African Safari Classic, yaliyoanza 2003 kwa kuadhimisha miaka hamsini ya Safari ya kwanza, na ambayo hukubali magari ya kale tu. Mwaka 2009 yalishindwa na Mkenya Ian Duncan, mshindi wa Safari ya 1994, akiendesha Ford Mustang. Miaka arobaini na mitano baada ya Comet kuzama kwenye tope, V8 ya Ford ya Kimarekani iliongoza hadi mwisho wa mashindano ya nyika za Afrika Mashariki. Ilikuwa imeinuliwa na kuimarishwa na mikono ya huku, na hilo ndilo lililobadili matokeo. Safari yenyewe ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, na kizazi kilichokuwa kikisikia habari zake kwa wazee kikaiona kwa macho.

Tishio kubwa kwa magari ya Gatina ni mzani wa chuma chakavu. Bei ya chuma ikipanda, 504 iliyokaa juu ya mawe inageuka kilo. Wachuuzi hupita nyumba kwa nyumba, na mjane anayehitaji karo hana sababu ya kukataa pesa taslimu. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inawataka wafanyabiashara hao wawe na leseni, na mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara yote kwa muda baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa, lakini hakuna kifungu kinacholitambua gari la zamani kama kitu cha kuhifadhiwa. Kikwazo kingine ni karatasi. Logibuku nyingi bado zina jina la mzee aliyekwisha kufariki. Mjukuu hawezi kulihamisha gari bila familia kupitia mahakamani chini ya Sheria ya Urithi, na gharama ya mirathi inaweza kuzidi bei ya gari lenyewe. Magari mengi hukatwa vipande kwa sababu hiyo, wala si kwa kushindwa kutengenezeka.

Wale wanaofaulu kuyaokoa hubishana juu ya injini. Kundi moja hutaka Datsun ibaki na injini yake, kabureta yake na mlio wake, hata kama itapitwa na kila matatu ya njia namba 46 kwenye mwinuko. Kundi la pili huweka injini ya Toyota ya kisasa, yenye mafuta ya kupulizwa, na kuliendesha gari kila siku kwenda kazini. La kwanza lina haki ya kusema kwamba gari lililobadilishwa moyo haliwezi kumfundisha mtu yale ambayo distributa humfundisha. La pili lina haki ya kusema kwamba gari linalotembea haliuzwi kwa kilo. Mabadiliko ya injini hutakiwa yaandikishwe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, ili namba ya injini kwenye logibuku ilingane na iliyochongwa kwenye chuma. Kuanzia 2017 kampuni ya Nairobi iliyoanza kwa jina la Opibus, na sasa huitwa Roam, ilionyesha njia ya tatu: kutoa injini nzima kwenye magari makuukuu ya nyikani na kuweka mota ya umeme na betri. Gatina bado ni petroli, na injini za 504 zinazotolewa hurudishwa mahali pake zikiwa na pistoni mpya.